Sehemu Nyeupe Kwenye Ramani

Mdogo wangu wa kiume alirudi likizo kutoka sekondari ya Mbulu mjini akiwa na simu iliyopasuka kioo na tabia mpya ya kucheka peke yake. Ilinishtua kidogo. Tangu mama afariki, nyumba yetu hapa Tumati ilikuwa na kazi nyingi na kicheko kidogo. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage, nikamuuliza anacheka nini, naye akaniletea simu nione katuni. Watu wenyewe walikuwa vijiti tu: kichwa duara, mikono mistari, macho hawana.

"Huyu mchoraji hakumaliza kazi," nikasema.

"Ndivyo anavyochora, dada. Ni mtu wa fizikia."

Katuni zilikuwa za Kiingereza. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mwaka tuliobaki yatima, nikashika jembe ili yeye na mdogo wetu wa kike wasome. Kwa hiyo alinitafsiria. Mchoraji huyo huchukua swali la kipuuzi kabisa, kisha hulijibu kwa hesabu za kweli, bila kutabasamu. Vilevile huchora ramani za utani, ambamo mahali panapotisha huwa pakubwa na mahali pasipo na maana hufinywa. Vijana wa huku waliozipenda walikuwa na grupu lao kwenye simu, kuanzia Maretadu mpaka kule chini Hanang, wakibishana kutwa.

Jumapili moja baada ya ibada walikutana kwetu, kwa sababu jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu linapata mtandao. Alikuja binti mmoja kutoka Maretadu, na binamu yetu, mtoto wa baba mdogo, anayekaa ng'ambo ya korongo. Niliwapa viazi, nikakaa karibu nao na kazi yangu.

"Tuseme tumechimba shimo hapa Tumati mpaka upande wa pili wa dunia," alisema binti. "Mbuzi akitumbukia?"

"Atafika katikati anakimbia kuliko risasi," mdogo wangu akajibu, "halafu atapunguza mwendo, atokee upande wa pili, arudi tena. Kama bembea."

"Hafiki," alisema binamu. "Katikati kuna moto. Atatokea ameiva."

"Basi wa upande wa pili watashukuru."

"Na mwenye mbuzi?"

"Mwenye mbuzi ni baba yangu," binamu akasema. "Ataingia shimoni mwenyewe kudai faini."

Hata mimi nilicheka. Kisha mdogo wangu akawaonyesha ramani aliyoichora kwa kalamu na kuipiga picha: Tumati yote kwa mtindo wa yule mchoraji. Mbwa wa mwalimu mkuu alikuwa mkubwa kuliko mlima. Maretadu iliandikwa "Nchi ya Maharage na Gesi Yake," na binti akampiga kofi la begani. Mbulu mjini ilikuwa "Ofisi, Ofisi, Njoo Kesho." Bondeni Hanang walichorwa ng'ombe wamesimama wanatutazama sisi wa juu kwa huruma.

Pembeni ya kijito palikuwa peupe. Hakuna mstari, hakuna neno.

"Hapa umesahau," alisema binamu.

"Sijasahau."

"Basi andika kitu. Ramani ya yule jamaa haina sehemu tupu. Au unaogopa mizimu?"

Pale peupe ndipo lilipo shamba letu la vitunguu saumu. Mama alianguka pale akimwagilia maji, na mdogo wangu ndiye peke yake aliyekuwa naye, akiwa bado shule ya msingi. Alipokuja kuniita alikuwa ameshika jembe la mama kwa mikono miwili, hataki kuliweka chini. Sikuona ajabu kwamba utani haukumjia. Lakini ramani alikuwa ameituma pia kwenye grupu, nalo likaanza kumsumbua, kila mtu anaandika "Pale peupe je? Pale peupe je?" Mwishowe akaandika maneno mawili pale peupe ili wamwache: "Hapana mwenyewe." Wakacheka, wakarudi kwa mbuzi wao.

Binamu alimwonyesha baba yake ramani ile jioni yake, ili naye acheke. Naamini hivyo mpaka leo. Yule kijana hana ubaya.

Baba mdogo alikuwa akidai shamba lile tangu msiba wa mama. Alisema alimwazima tu marehemu kaka yake, yaani baba yetu, alime, na kwamba uzio wa miti ya manyara uliopo mpakani aliupanda yeye. Sisi tulijua baba ndiye aliyeupanda, lakini waliomwona akipanda wamekufa. Wazee walikuwa wameahirisha shauri mara kadhaa, kwa kuwa hapakuwa na neno la kuegemea upande wowote. Vitunguu vya shamba lile ndivyo vilivyolipa michango ya chakula na bweni ya mdogo wangu. Tukilipoteza, shule yake ilikuwa inaishia hapo, kama yangu.

Baada ya ramani, baba mdogo aliwapelekea wazee maneno yale, na kikao kikaitwa haraka. Wazee walikaa kwenye majani chini ya kilima, sisi mbele yao. Kwa desturi yetu, nyumba isiyo na baba husemewa na mtoto wa kiume, hata awe mdogo namna gani. Mimi niliyeilisha nyumba ile nilikaa nyuma na wanawake. Mbele alisimama mvulana mwenye sare ya shule, kwa kuwa hakuwa na suruali nyingine nzuri.

Mzee mmoja alishika simu mbali na macho. "Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Ndiyo, babu."

"Soma."

Akasoma.

"Ulilazimishwa?"

"Ulikuwa utani, babu."

Wazee wakatazamana. Mtu wa kwetu atatania mke wa jirani, atatania kanisa, atatania hata serikali. Mpaka wa shamba na ng'ombe havitaniwi. Neno la mrithi juu ya ardhi ni neno, alitamke akiwa amelewa au akiwa anacheza.

"Kwa nini uliacha peupe kwanza?" aliuliza mzee mwingine, na sauti yake ilikuwa ya upole. Nilijua huo ndio mlango. Angesema tu ukweli, labda wangelainika. Mdogo wangu alifungua mdomo, akaufunga. Nilisimama.

"Mama yetu alifia pale, yeye akimtazama. Ndiyo maana."

"Kaa, binti," mzee alisema. "Tunamsikiliza mwenye nyumba."

Mwenye nyumba hakuweza kusema. Wakakata shauri: sehemu ya juu, yenye mawe, ibaki kwetu. Ya chini yenye maji na vitunguu vyake iende kwa baba mdogo, kwa kuwa mrithi mwenyewe alikiri haina mwenyewe. Baba mdogo hakushangilia. Alifunga koti lake vifungo vyote, akashukuru wazee.

Nyumbani mdogo wangu aliutoa mkoba wake na kuanza kupanga vitabu chini ya kitanda. Alisema haendi tena, atatafuta kazi mjini Katesh.

"Utaenda shule," nikamwambia.

"Kwa kitu gani, dada?"

"Hilo si swali lako."

Asubuhi ya kufungua shule nilimsindikiza mpaka kwenye boda boda, nikaona anaondoka, ndipo nikashuka kijitoni na jembe. Magugu yalikuwa yameanza kushinda vitunguu. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mfereji pamoja na mwanawe. Binamu aliponiona aligeuka, akajifanya anatazama maji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Kwema?"

"Kwema. Nimesikia unatafuta vibarua wa kupalilia."

Alilitazama jembe, kisha mikono yangu. Nilidhani atanirudisha. Sijui ningekwenda wapi.

"Natafuta," alisema. "Ila palilia polepole. Vitunguu usivikate mizizi, vina mizizi ya juu juu."

Mimi ndiye niliyevipanda, punje kwa punje.

"Ndiyo, baba mdogo," nikasema, nikainama, nikaanza mstari wa kwanza.