Nilimwambia mkaguzi wa umeme kuwa juu hakulali mtu

Wakuu, asalaam alaykum.

Mnaitana wakuu humu, lakini kwa umri nafikiri mkuu khasa ni mie. Nna wajukuu wanaofunga vilemba wenyewe. Skuli sikwenda sana, kuandika nimejifunzia kwenye Wasap, basi mkiona herufi imekaa kando isogezeni.

Hii imetokea nyumbani kwangu Sib, hapa Maskati. Sikuhadithiwa na jirani. Ningekuwa nasema uongo ningejipendelea, na mtaona sikujipendelea.

Nyumba yetu ni katika zile za zamani zilizotolewa na serikali. Marehemu mume wangu aliongeza ghorofa moja juu, mwanetu Salim alipokaribia kuoa. Paa alilimwaga zege tupu. Siku zile nani alijua mambo ya kuzuia joto? Zege, rangi, basi.

Juu wakakaa Salim, mkewe Rayya na watoto wao. Chini mie.

Sasa msiokaa huku, jua la Maskati mnalisikia tu. Mchana kutwa linalipiga lile zege, na usiku zege linatoa lilichokula. Unafungua mfereji wa maji baridi, yanatoka ya kunyonyolea kuku.

Esi za juu, yaani viyoyozi, zilikuwa kongwe, zile za kupachikwa dirishani. Rayya akitaka kusema na mumewe kwenye simu huzima kwanza, ndio asikie. Moja ilikuwa inatapika maji, chini yake tumeiwekea ndoo ya rangi, na ukuta wote umefanya madoa ya kahawia. Bili ya umeme ikija, Salim huenda kuisoma ndani ya gari.

Basi Salim akasikia serikali ina mpango. Wenyewe wanaita daam, sisi tunasema ruzuku. Ukitoa esi kongwe ukaweka zinazokula umeme kidogo, na ukalifunika paa kwa tabaka la kuzuia joto, wanakurudishia sehemu ya gharama. Sharti lao, kabla hujagusa kitu mkaguzi aje aone vyumba mnavyolala jinsi vilivyo.

Salim akaomba. Kazi yake ni kwenye mafuta, huko jangwani, akienda hukaa wiki kadhaa. Siku ya kuondoka akaniambia:

"Mama, mkaguzi akija mpandishe juu. Muonyeshe kila kitu."

"Na ile ndoo?"

"Ndoo khasa, Mama. Ndoo ndiyo itakayotuombea."

Nikacheka. Nilisikia, wakuu. Msije mkasema bibi wa watu hakufahamu. Nilifahamu.

Lakini mie nimelelewa hivi: mgeni haoni chumba cha kulala. Mgeni anaona palipofagiliwa. Siku hiyo nikafukiza udi tangu asubuhi, nikatoa vikombe vya harusi, Rayya akakaanga sambusa. Nikasema ale kwanza, juu tutapanda baadaye.

Nilitaraji mwanamme na mkoba wake. Kaingia msichana, abaya yake safi, kofia ngumu ya kazi mkononi. Viatu kavivua mlangoni kwa adabu. Kanisalimu kwa Kiarabu, halafu akanisikia namwita Rayya kwa Kiswahili alete kahawa.

"Bibi, kumbe nyinyi wa Unguja! Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

Hapo ndipo, wakuu. Asiyeishi na sisi halijui swali hili. Jina la mtu sisi halitutoshi, tunataka kujua ni wa nani, na hatupumziki mpaka tumefika kwa bibi yake na nyumba aliyokuwa akikaa.

Akanitajia. Wallahi kikombe nilikiweka chini.

Mjukuu wa Bi Zamzam!

Bi Zamzam tulikaa naye mlango kwa mlango kule Malindi, Unguja, sote wasichana. Alikuwa akipita anatazama nguo zetu kwenye kamba, halafu anamuuliza mama yangu kama sabuni imetuishia. Sasa yuko Madinat Sultan Qaboos, nyumba ina bustani. Kwenye maharusi tunabusiana, huku kila mmoja anampima mwenzake dhahabu.

Nikaiona jioni yao yote. Msichana anarudi, anavua abaya, anamhadithia bibi yake kuwa wajukuu wa fulani wanalala na ndoo.

Akala halwa, akazisifu sambusa, akainuka.

"Haya Bibi, tupande juu basi, wanapolala watoto."

"Juu?" nikamwambia. "Juu hakulali mtu. Stoo tu ile, makochi mabovu. Sote tunalala huku chini."

"Lakini mwanao kaandika kwenye maombi…"

"Mwanangu yuko jangwani, jua limempiga kichwani."

Tukacheka, mie na yeye. Rayya hakucheka. Alikuwa kasimama na sinia. Msichana akamgeukia, akamuuliza kama ndivyo.

"Alivyosema Mama," Rayya akajibu, akaanza kukusanya vikombe.

Rayya ni mtoto wa watu, kalelewa. Hawezi kumsuta mama mkwe wake mbele ya mgeni. Nililijua hilo, na nililitegemea.

Msichana akaitazama esi ya chumbani kwangu, mpya, inang'ara. Akapiga picha, akaandika, akaaga. Nikamfungia halwa ampelekee bibi yake, na salamu nyingi.

Nilijiona nimeshinda. Jioni ile nilikula mpaka nikaongeza.

Jawabu wakampelekea Salim kwenye simu yake huko huko kazini. Maombi yamekataliwa. Vyumba vya juu havikaliwi, vya chini havina haja.

Akanipigia.

"Mama, hukumpandisha juu?"

Nikafunga kwanza mlango wa chumbani kwangu.

"Mama?"

"Ni mjukuu wa Zamzam, Salim."

Akasema, "Sawa, Mama," akakata. Angenipigia kelele ningepata la kumjibu, maana mdomo nnao.

Aliporudi tukaenda pamoja ofisini kwao. Nikasema nilikosea. Bwana wa dirishani hakuwa na ubaya, akatwambia mkaguzi kaandika alivyoelezwa na mwenye nyumba, na fungu la safari hii limekwisha. Tuombe upya likifunguliwa.

Na njia nyingine ilikuwepo, wakuu. Namba ya Bi Zamzam nnayo. Ningempigia siku ile ile alipoondoka yule msichana, nikasema mrudishe mjukuu wako, kuna kitu sikumuonyesha. Jina lake nimelifungua kwenye simu mara nyingi. Kidole kinafika pale, kinarudi.

Joto likaingia lenyewe. Esi ya ndoo ikafa. Watoto tukawalaza chini, ukumbini, wamebanana kwenye magodoro, na mdogo wao Muzna akatoka vipele mgongo mzima, anajikuna mpaka analia. Rayya anampaka dawa. Paa na esi zote kwa pamoja Salim hakuweza bila ya ule msaada. Akapanga fleti mtaa mwengine, Mabela.

Siku ya kuhama Rayya alinibusu mkono.

"Tutakuja kila Ijumaa, Mama."

Wanakuja kweli. Wanakula, watoto wananirukia, alasiri wanaondoka na vyombo vya wali nilivyowafungia.

Baadaye nikakutana na Bi Zamzam harusini Bustan. Tukabusiana. Akashukuru kwa halwa, akasema mjukuu wake kaisifu sana nyumba yangu.

"Bahati yako, mwenzangu," akasema. "Kwangu chumba cha juu tanuri. Tumeomba hiyo daam, wamenipa. Mie nimewaonyesha mpaka vyoo!"

Na akacheka, yule mwanamke niliyekuwa namfichia ndoo. Wali wa harusi sikuumaliza.

Sasa mafunzo, ingawa mie si mwalimu. Mlio na wazee nyumbani, siku ya mkaguzi msiende kazini, kaeni nao. Na wazee wenzangu, mpandisheni mgeni juu. Kazi ya yule ni kuona uchakavu, na ukimpigia deki unamnyima kazi yake. Udi fukizeni, sambusa mpeni, lakini ndoo iacheni pale pale.

Aliyewahi kukataliwa akaomba tena akapewa, aniandikie hapa chini alifanyaje. Na anayetaka kunisema aniseme, nna kifua.

Maana mpango umefunguliwa tena. Nimemwambia Salim aombe, kasema niombe mwenyewe nikitaka. Mjukuu wangu mkubwa Ijumaa ilopita akanifungulia kwenye simu, akawa ananisomea maswali. Kuna moja linauliza vyumba vya juu wanalala watu wangapi.

Mara hii sikutaka kusema uongo.

Nikamwambia aandike: hakulali mtu.