Kitatange Aliyekataa Kula

Muuzaji wa samaki wa mapambo kule Dar aliniambia wazi kwamba yule niliyemchagua hali kitu. Alikuwa kitatange, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa wima, mistari ya rangi ya machungwa ubavuni, mdomo mrefu kama kibanio cha kunyofolea nyusi. "Chukua mwingine, huyu atakusumbua," alisema. Nikamjibu kwamba hakuna kiumbe asiyekula, yupo tu asiyepewa chakula chake. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na maneno ya namna hiyo yalinitoka kirahisi.

Nikapanda naye basi hadi Mikumi, nimempakata kwenye mfuko uliojazwa hewa, madumu mawili ya maji ya bahari yakiwa kwenye buti. Nyumbani, tangi la kioo lilikuwa limeshachukua meza ya sebuleni. Mama alinung'unika siku mbili, kisha akahamishia vikombe vyake kabatini.

Hadi siku ya tisa samaki alikuwa hajala. Nilimpa chakula cha pakiti, kamba waliokatwakatwa, kiini cha yai, dagaa waliosagwa. Kila kitu alikisogelea, akakitazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili, akageuka. Mara moja alitia kipande cha kamba mdomoni. Nikabana pumzi. Akakitema. Nyuma ya kichwa nyama ilikuwa imeanza kubonyea, na nilijua hiyo ni dalili ya kufa njaa. Nilikuwa nimeonywa, nikamleta hivyo hivyo.

Mama mmoja wa Kimasai anayetuletea maziwa alichungulia tangi, akacheka hadi akashika mlango. "Sisi samaki hatuli. Na samaki wenu naye hali. Sasa hapa mnafuga nini?"

Nilisoma mtandaoni kwamba wagumu kama huyu huanza na kitu kinachojinyonganyonga, hasa viluwiluwi vya mbu. Siamini kila ninachosoma, lakini hili niliweza kulijaribu. Nikaweka ndoo ya maji na majani makavu nyuma ya choo, nikaiacha wazi siku kadhaa. Viluwiluwi vilipotokea, nikaifunika kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitoke.

Kosa langu lilikuwa kusahau kazi ya mama. Yeye ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Anapita nyumba kwa nyumba akimwaga makopo, vifuu na matairi yenye maji, akiwaeleza watu mbu wanazaliwa wapi.

Nilimkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, viluwiluwi vikifurukuta mchangani.

"Hii ni yako?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza, hii ni yako?"

"Ni chakula cha samaki. Na nilifunika, mama, kwa chandarua."

"Chandarua! Watu wanapewa walalie, wewe unafunikia ndoo ya mbu!" Akapiga makofi. "Juzi nimemsema mama wa watu mbele ya wanawe kwa ajili ya kopo tu. Kopo! Leo akipita hapa nitamwambia nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba kiluwiluwi huchukua siku kadhaa kuwa mbu, kwamba ningevitoa vyote kabla. Aliniacha nimalize. "Umesoma," akasema, akaingia ndani na ndoo.

Jioni ile nilimwona, alipopita na sinia, akisimama mbele ya kioo. Samaki alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, mapezi yakitikisika kidogo. Mama aliinama, akamtazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kesho yake alikwenda na kazi yake kijiji cha Kisanga, kwa pikipiki. Alirudi alasiri, vumbi hadi kwenye kope, akatoa mkobani chupa ya maji iliyofungwa mdomoni kwa kipande cha khanga. Ndani, viluwiluwi vilipanda na kushuka.

"Matairi yote nimemwaga," alisema kabla sijafungua mdomo. "Hili moja nimechota kwanza."

"Wenyewe hawakuuliza?"

"Waliuliza. Nikawaambia maji nayapeleka kupimwa."

Mama yangu hadanganyi. Amewahi kurudi dukani kilomita nzima kwa ajili ya kiberiti alichozidishiwa. Nilichukua chujio la chai, nikavimwaga humo, nikavisuuza mara tatu kwa maji safi, nikadondosha vitano juu ya maji ya tangi.

Mama alipiga magoti, viatu vyake vya safari bado miguuni.

Vitano vile vilijikunja na kujikunjua. Kitatange akatoka nyuma ya jiwe. Akatazama kwa jicho la kwanza, akatazama kwa la pili, na nikahisi anageuka. Kisha ule mdomo mrefu ukanyooka na kiluwiluwi kimoja hakikuwepo tena. Tukasubiri akiteme. Hakutema. Akafuata cha pili.

"Jamani," mama akanong'ona, "kumbe ana njaa hivi!"

Nikaongeza vingine. Alikula kumi na kimoja. Sikujua kama vingetosha kurudisha nyama iliyopotea, na sikutaka kumwahidi mama kitu nisichokijua, kwa hiyo nikamwambia hivyo hivyo: amekula leo, ya kesho siyajui.

Mama aliinuka taratibu akishika ukingo wa meza, akajipangusa magoti, macho yake bado kwenye kioo.

"Kesho ni zamu ya Zombo," akasema. "Huko matairi ni mengi. Nitafutie chupa yenye mdomo mpana."