Niliyempiga Mara Tatu

Iko siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka naona aibu nikiwa peke yangu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Nyakahura, sisi Wasukuma tuliokuja na ng'ombe wetu, pamoja na Wasubi wenyeji. Nilikuwa na miaka ishirini na shingo nene, na nilijiona sana.

Ndondi tulifundishwa na Fundi Salehe, mshonaji wa mjini Biharamulo ambaye wazee wake walitoka Tanga. Ujanani alikuwa amepigana huko pwani. Glavu alitushonea mwenyewe kwa turubai na kuzijaza pamba, zikanuka jasho la kijiji kizima. Kila siku ya soko alikuja kwetu kwa lori na nguo zake za kuuza, na jioni akatufundisha.

Mimi nilikuwa na mtindo mmoja tu: kuinamisha kichwa, kwenda mbele, na kupiga mbavu mpaka mtu aombe maji. Rafiki yangu Daudi alikuwa kinyume changu. Alisimama mbali, akakugusagusa kwa mkono wa kushoto, wala hakuwa na haraka. Lakini nikimsogelea na kumbana, alikosa nafasi ya kunyoosha mkono. Nilimpiga mara tatu mbele ya watu.

Basi ikaja habari kwamba vijana wa Ngara watakuja kupigana na sisi, na ofisa wa polisi atakuwepo kutazama. Kijana wetu mmoja akimshinda bingwa wao, Tito wa Kibimba, atachukuliwa kazi ya polisi. Kazi ile, mwanangu, Daudi aliihitaji kuliko mimi. Baba yake alikuwa amefariki, na wadogo zake wawili walikuwa wanasoma kwa shida. Mimi nilikuwa na baba, na baba alikuwa na ng'ombe.

Siku moja kabla ya mkutano wa kijiji wa kumchagua mpiganaji, Fundi Salehe alinivuta pembeni.

"Tito namjua," akaniambia. "Yule anarudi nyuma makusudi ili umfuate. Ukiingia tu, anakupiga. Mtu kama wewe ndiye chakula chake. Lakini Daudi hamfuati mtu. Itabidi Tito aje yeye, na kuja hajui. Mwaka jana Daudi alimpiga hivyo hivyo."

"Lakini Daudi mimi nampiga, Fundi."

"Unampiga wewe, kijana. Tito hana mtindo wako."

Nilimwelewa, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikumwelewa. Kesho yake mwenyekiti alipouliza nani aende, nikasimama nikasema: mimi niliyempiga Daudi mara tatu, nitashindwaje na mtu aliyepigwa na Daudi? Watu wakacheka, wakapiga makofi. Fundi hakuwa mkazi wa kijiji, kwa hiyo hakuulizwa. Mikono ikainuliwa kunichagua mimi, na wa Daudi ukiwemo.

Siku ya pambano Tito alirudi nyuma, nikamfuata. Akarudi tena, nikamfuata tena, na kila nilipofika nilikuta ngumi imeshatangulia. Raundi ya pili nilikaa chini na sikuona sababu ya kuinuka. Ofisa wa polisi akafunga daftari lake, akapanda gari, akaenda zake.

Daudi alinifungua glavu, kisha akaenda kunitafutia maji. Fundi alimtazama akienda.

"Wewe uvimbe wako utapona wiki hii," akasema. "Aliyepigwa leo ni yule."

Mwaka ule ule wadogo wa Daudi waliacha shule. Walikuja kwetu kuchunga ng'ombe wa baba yangu.

Vita vya Kagera vilipoanza tulikwenda wote wawili na mgambo, na namshukuru Mungu tulirudi wazima. Ni baada ya hapo ndipo nilipopata moyo wa kumwambia. Tulikuwa tunapalilia mihogo, naye alikuwa tuta la pili. Nikamweleza yote niliyoambiwa na Fundi siku ile, na kwamba nilinyamaza nikijua.

Daudi aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasimama akajifuta uso.

"Fundi aliniambia na mimi," akasema. "Pale mkutanoni nilinyamaza nikidhani utasema wewe, kwa kuwa ni rafiki yangu."

Hatukugombana, na urafiki wetu haukuvunjika.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usijipime kwa mtu uliyemshinda. Unaweza kumshinda yeye leo, na kesho ukaangushwa na mtu ambaye yeye humwangusha bila taabu. Kila kazi ina mtu inayemfaa. Kabla hujasimama mbele ya watu na kujitaja, jiulize kwanza kazi hiyo inamtaka nani. Na ukijua kwamba inamtaka mwenzako, sema, hata kama hakuna aliyekuuliza, maana huenda mwenyewe amekaa pale anakungoja wewe.

Mungu akujalie mwili wenye afya na marafiki wa kweli. Na siku nafasi itakapokuwa ya mwenzako, akupe ujasiri wa kulitaja jina lake. Amina.