Nilimlazimisha jirani aonje mandazi yake mwenyewe: habari ya bibi yangu, ngano, na bustani yetu ya mifuko

Bukavu, Jumamosi, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya jua, ikakatika saa tatu. Ukungu umetoka ziwani, umepanda mpaka kwetu Kadutu. Nyumba za chini hazionekani. Ni sauti tu za watu na pikipiki zinatoka ndani ya weupe, kama mtu anaongea usingizini.

Wakuu, salamu kwenu, wa huku na wa mbali.

Mimi humu ni mtu wa kusoma, siyo wa kuandika. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, na kazi yangu ni kushona viatu. Lakini nina daftari la kila siku, na haya nimeyatoa humo. Pale ambapo daftari halikuandika nitasema. Mnivumilie na Kiswahili cha Bukavu.

Bibi yangu, yaani mke wangu, tunamwita Mama Ganza, kwa jina la binti yetu. Alizaliwa Luberizi, kule bondeni kwa Ruzizi, kwenye mashamba ya mpunga. Ndoa ndiyo ilimpandisha huku mlimani. Mpaka leo akilala mchana anaota maji. Anasema maji ya mpunga hayana safari, yanakaa tu yanaangalia mbingu.

Jirani yetu ni Mama Zaina. Mjane, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara wa Uvira ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Anakaanga mandazi na chapati pale kwenye kona.

Kila Ijumaa, toka tuhamie, alituletea mandazi sita kwenye sahani ya bati, nyeupe, yenye ua la buluu lililochubuka. Na sisi tuliirudisha na kitu: parachichi, ndizi, samaki wadogo wa sambaza siku ziwa likiwa na huruma. Sahani ya mtu hairudi tupu. Nafikiri hata kwenu iko hivyo.

Sasa, miaka miwili iliyopita Mama Ganza akaanza kuumwa.

Tumbo kuvimba, kuhara, kuchoka. Akakonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamwanguka akifua. Nikaizungushia uzi wa viatu ili ibane kidole.

Tulitibu amiba. Tulitibu minyoo. Tulitibu tifo mara mbili. Dawa ziliisha, ugonjwa ukabaki.

Halafu kaka yake akafariki. Mama Ganza akashuka Luberizi kwenye matanga, akakaa wiki sita. Mtu anaenda kulia, lakini yeye alirudi na mashavu! Alikuwa anacheka peke yake akichambua maharagwe. Nikasema asante Mungu, imepita.

Ijumaa sahani ikaja. Jumamosi akalala chini, tumbo lilelile.

Dada yangu mkubwa akaja kumwona. Akanivuta pembeni.

"Uko na macho lakini hauone. Kule Luberizi nani alikuwa anamupikia?"

"Ndugu zake."

"Na huku?"

"Anajipikia mwenyewe."

"Na ile sahani ya kila vendredi?"

Nikageuka nikaiangalia pale mezani.

"Ile ni karuho," akasema.

Kwa ambao hamjui, karuho ni sumu ya polepole, na watu wa huku wanaiogopa kuliko risasi. Ndiyo maana kwetu anayekupa chakula anaonja kwanza mbele yako, na chupa inafunguliwa ukiwa unaangalia. Sitasema haiko. Sijui. Na dada simlaumu: alizika mume kijana, na watu walisema ni hiyohiyo. Alimwogopea wifi yake. Kilichofuata ni cha kwangu mwenyewe.

Ijumaa nyingine Mama Zaina akafika na sahani yake. Uwanja ulikuwa umejaa, akina mama wanangoja maji kwenye bomba. Sikumwambia aingie ndani.

"Mama Zaina, onja kwanza."

Akaangalia sahani. Akaniangalia.

"Nionje?"

"Ni desturi tu, mama."

"Miaka saba hiyo desturi ilikuwa imelala wapi, Papa Ganza?"

Pale bombani ndoo inajaa inamwagika, hakuna anayefunga maji.

Akakaa kwenye ngazi yetu, akala. Siyo moja. Yote sita, polepole, macho kwangu. La mwisho alilimeza na machozi. Nilipoandika jioni ile niliandika "amekabwa". Leo nimelisoma tena hilo neno, nimeona aibu.

Akafuta sahani kwa ncha ya kitenge chake.

"Nimekula mie, na Mungu ameona. Sahani yangu naondoka nayo."

Ikaondoka tupu. Mara ya kwanza.

Wakuu, mji wetu umejengwa juu ya milima lakini neno halichoki kupanda. Wiki moja tu, watu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara kukwepa karai lake. Siyo wote, lazima niseme ukweli. Fundi redio wa pale alizidi kununua, anatafuna amesimama katikati ya njia, anapiga kelele: "Mukiniona kesho mujue nilifufuka!" Huyo alikuwa mtu kuliko mimi.

Mandazi yakakoma kwetu. Tumbo halikukoma.

Na kwa nini likome? Kila asubuhi nilikuwa nashuka kumnunulia mkate laini, wa moto, ili apate nguvu. Kwa mapenzi kabisa. Kama nyumbani kulikuwa na mtu anamlisha sumu, mtu huyo alivaa viatu vyangu.

Mwisho tukapata munganga mmoja, daktari wa kike, bado kijana, hospitali ya juu huko. Hakuandika dawa. Aliuliza tu.

"Papa, kule Luberizi alikuwa anakula nini?"

"Wali. Bugali ya muhogo. Samaki."

"Na mkate?"

"Mkate wapi, kule kwa matanga?"

Akaweka kalamu chini. Akatoa damu, ikatumwa mbali, tukangoja wiki nyingi. Jibu liliporudi alitueleza kwamba ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluten. Kwangu ni chakula. Kwa Mama Ganza, mwili wake unapigana nacho, na vita vyote vinapiganwa ndani ya utumbo. Hatakula tena mkate, mandazi, chapati, biskuti, makaroni, maisha yote. Hata bia ya shayiri, nayo inacho. Hata hostia, ule mkate mtakatifu wa kanisani, hiyo ilimliza, mpaka padri akamwambia asiwe na wasiwasi, atapokea divai ya kikombe.

"Na dawa ni ipi?" nikauliza.

"Dawa ni hicho chakula, papa. Chakula kisicho na hiyo ngano."

Tulishuka ule mlima mimi nikiwa mwepesi kama karatasi. Halafu tukafika kwenye kona. Karai, moshi, Mama Zaina amekaa na mandazi ambayo hakuna mtu ameyagusa. Hakutuangalia.

Uzito ukarudi wote.

Hapa kichwa changu huwa kinachanganyikiwa. Mandazi yalikuwa yanamwumiza kweli! Dada alihesabu sawasawa: kule amepona, huku ameumwa, sahani iko katikati. Alikosea kitu kimoja tu: kosa lilikuwa la ngano, siyo la mkono ulioileta. Na mimi nilikuwa nimeshauhukumu huo mkono mbele ya watu.

Ningekwenda siku ileile. Sikwenda. Nilijiambia kwanza apone, nitakuwa na la kuonyesha. Huo ulikuwa uoga, niliuvalisha shati tu.

Badala yake nikaanza bustani.

Kwetu ardhi ni mteremko, mvua ikinyesha vizuri shamba lako linahamia kwa mtu wa chini. Kwa hiyo nilitumia mifuko mitupu ya mchele. Unaweka mawe madogo katikati kutoka chini mpaka juu ili maji yashuke, udongo pembeni, halafu unatoboa ubavu na kupanda kwenye matundu. Mara ya kwanza niliweka mavi ya simbilisi, wale kama sungura wadogo tunaowafuga, yakiwa mabichi, miche yote ikaungua ikawa njano. Mama Ganza akaniambia, "Papa Ganza, hata mboga unaisukuma ikule kwa nguvu." Mavi myaache yaoze kwanza, wakuu, angalau miezi miwili.

Mara ya pili ikakubali. Lengalenga, ndiyo mchicha wenu, vitunguu vya majani, biringanya, na zile mboga chungu tunaita bilolo. Kutoka mifuko minne tukafika kumi na moja.

Unga wa muhogo nao tunatwanga na kuchekecha nyumbani. Kile kinu cha mota sokoni kinasaga pia ngano ya uji wa watoto, na muhogo wako unapita mulemule ndani ya vumbi lake. Hilo lilituchukua miezi kulijua. Alikuwa anapona, anaanguka, anapona, na mimi nilianza tena kuangalia watu vibaya, mpaka nikajishika.

Sijui niseme vipi kuhusu zile asubuhi. Ukungu unapanda, mifuko inapotea, inabaki mboga zinaelea juu ya weupe, na kichwa cha Mama Ganza katikati yake, kinapita polepole kama mtumbwi. Anaongea nazo. Anasema mifuko ni mama wazee wamekaa matangani, wamesuka nywele za kijani, wanangoja mtu awaletee maji. Siku nyingine nasinzia kwenye benchi, kiatu cha mtu mkononi, nasikia mvua inaingia ndani ya majani na naona kama nyumba yetu imeshuka taratibu mpaka Luberizi, imekaa juu ya yale maji yasiyo na safari.

Mwezi wa saba alikata ule uzi wa pete. Pete ikakaa.

Jana alikuwa anachuma lengalenga, amenipa mgongo.

"Mimi nimepona. Weye bado."

"Nimepona nini, mimi siumwe."

"Kila siku unapita njia ya nyuma kwenda kazini. Unazunguka mlima muzima juu ya kukwepa karai. Viatu vyako njo vinaisha kuliko vya ma-client."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulimutia aibu kati ya watu. Kati ya watu njo utaenda."

Basi leo, mvua ilipokatika, nimekwenda. Nimebeba mafungu mawili ya lengalenga, moja la bilolo, na biringanya nne. Pale karaini walikuwepo watu kama saba, na fundi redio, bila shaka.

Nimesema yote kwa sauti. Kwamba bibi yangu hakupewa sumu. Kwamba ni ugonjwa wa ngano, hata mkate niliomnunulia mimi ulikuwa unamwumiza. Kwamba nilimsingizia Mama Zaina mbele ya macho yao, na mbele ya macho yao naomba msamaha.

Mama Zaina amegeuza mandazi yake. Kisha ameangalia mboga.

"Zinatoka wapi?"

"Bustani yetu, mama."

"Onja kwanza."

Watu wakasema heee! Nimechukua jani la lengalenga.

"Siyo hilo. Lile chungu."

Nimetafuna bilolo mbichi, wakuu. Jani la kwanza, la pili, la tatu. Mate machungu mpaka masikioni. Fundi redio ameshika mbavu: "Papa Ganza, ukifika mbinguni utusalimie!" Nimetafuna mpaka nusu ya fungu, macho kwake, maana nilikuwa nadaiwa macho pia.

"Basi," amesema. "Utaharibu tumbo, halafu watanitaja mimi tena."

Halafu ameuliza, baridi kabisa: "Na mchele? Unamdhuru?"

"Hapana, mchele hauna shida."

"Na mafuta yaliyokaanga ngano?"

"Hayo yanamudhuru, mama. Hata sufuria isipooshwa vizuri."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Alichukua mboga, akaziweka chini ya meza yake, akamuuliza mteja anataka mangapi. Nimerudi nyumbani nikamwambia Mama Ganza kwamba sijui. Yale maswali mawili niliyaona kama ya polisi, ananipima kama nadanganya. Nimekaa mchana wote bila kushona hata kiatu kimoja.

Saa kumi na mbili kasoro, ukungu umerudi. Ndani yake kikatoka kitenge, kisha sahani ya bati, ua la buluu.

Vitumbua. Vya mchele, vya moto. Amesema ni vile nyanya yake alikuwa anapika Uvira, mchele umelowekwa na kutwangwa nyumbani. "Chuma kipya, mafuta mapya. Ngano haijapita hapo."

Halafu pale mlangoni, mbele yetu, akanyoosha mkono achukue kimoja aonje. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayelipa kodi.

Mama Ganza akamshika kile kiganja.

"Usionje," akasema. "Ingia."

Na yeye mwenyewe akachukua cha kwanza, akala amesimama, macho amefumba.

Wakuu, nilichojifunza mimi, na naweza kukosea: unaweza kuona kweli kila kitu kilicho mezani na bado ukamwona vibaya aliyekileta. Kabla ya kumtaja mtu, mpeleke mgonjwa apimwe, na uulize anakula nini, hata kile unachomnunulia wewe kwa mapenzi. Na kama ulimwangusha mtu hadharani, usiende kumwinua gizani. Walio na mgonjwa wa hii gluten humu, mnaishije? Unga mnasaga wapi? Na nani amefanikiwa karoti kwenye mifuko, maana zangu zinatoka fupi kama vidole vya mtoto. Kama kuna anayeona nilistahili kutafuna fungu zima, aseme pia, sitakasirika.

Jioni hii tumekula bugali ya muhogo, lengalenga na mawese, sambaza kidogo, na vitumbua, tukiwa wanne: mimi, Mama Ganza, Ganza na Mama Zaina. Ameondoka bila sahani yake. Iko hapa mezani, imeoshwa, na Mama Ganza ameshachagua biringanya za kuweka juu yake.