Mkate Laini wa Senje

Harufu ya oti zikikaangwa kwenye sufuria kavu hunipandisha hasira hadi leo. Ni harufu nzuri, ya njugu na maziwa yaliyoshika chini kidogo, na mtu mwingine angeinusa akatabasamu. Mimi huinusa nikaona ua wetu katika mtaa wa Kaloleni jijini mwanzoni mwa miaka ya tisini, majiko ya makaa yamepangwa nje ya milango, mama amechuchumaa mbele ya lake, na nyuma yake, mikono kiunoni, Senje. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu magharibi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, alikuja kututembelea na hakuondoka.

Nilikuwa mtoto mgonjwa. Kila nilipokula chapati au mkate wa dukani tumbo lilivimba kama ngoma, nikahara, nikalala. Mikono yangu ilikuwa myembamba hata bangili ya mtoto mchanga ilinipwaya. Shuleni nilikuwa nikianguka mstarini, na mwishowe mwalimu mkuu akamwambia mama anirudishe nikishapata nguvu. Mama alizunguka zahanati hadi akampata daktari mmoja mzee aliyemwambia aniachishe ngano kabisa, hata chembe. Alimwambia ajaribu oti, lakini awe mwangalifu, kwa sababu nyingi husagwa mahali pamoja na ngano. Zikinidhuru, basi atumie unga wa wimbi na wa muhogo.

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, na Jumamosi alasiri ndiyo iliyokuwa yake. Alinunua oti za uji, akazikaanga, akazitwanga kwenye kinu alichokinunua kwa kazi hiyo tu. Alichanganya na maziwa lala, yai, sukari kidogo na bekingi pauda, hakuna hamira, hakuna kusubiri unga uumuke. Tanuri hatukuwa nalo. Aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaupasha moto, akaiketisha ndani yake sufuria ndogo yenye mkate, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu. Oti zilipokosekana alitumia wimbi na muhogo, mkate ukatoka mweusi na mzito, nikaula vilevile. Ilikuwa bahati yangu kwamba tumbo lilizikubali zote. Nilianza kunenepa. Mama alinishonea sare mpya, akaitundika ukutani nikiitazama kila asubuhi, kwa kuwa Januari ningerudi shuleni.

Kilichomuudhi Senje hasa kilikuwa ile sufuria ndogo. Ilikuwa na msumari wake ukutani, mwiko wake na chekecheo lake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Katika nyumba ambapo watu wote hupakua kutoka chungu kimoja, mtoto kuwa na chake ni kama kuwaambia wengine wana uchafu, au wana jambo baya mikononi. Majirani nao walinong'ona. Watoto wa ua walinipokea kila nilipotoka: "Mtoi wa sufuria! Niaje, mtoi wa sufuria!" Mtoi ni mtoto kwa Sheng yao, nami niliwachukia mmoja mmoja, kwa majina yao.

"Huyu mtoto mnamdekeza," Senje alisema kila Jumamosi, kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa tatu. "Ngano imemuua nani? Mimi nimelea watoto kwa chapati, na wako wapi? Wako hai."

Mama aliendelea kupepea makaa. Baba alisoma gazeti lake la jana na kusema ni maneno tu.

Basi Jumamosi moja ya Desemba mama alizuiwa kiwandani kumaliza oda ya sikukuu. Senje akaja akaketi karibu nami, akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Leo nitakupikia mimi," akasema. "Nimemtazama mama yako siku zote hizi. Si kazi ngumu." Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani tumemshinda, kwamba sasa mimi ni mtoto wake pia. Akanituma sokoni kununua ndizi mbivu za kutia ndani, nikaenda nikikimbia.

Mkate ule ulikuwa mtamu kuliko wote niliopata kula maishani. Ulikuwa laini, umepanda, umevutika kinywani. Nilikula kipande baada ya kipande, na nikamwambia Senje asante, nikamwambia hata mama hajawahi kupika hivi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Nilimsifu.

Mama aliporudi jioni nilikuwa nimejikunja mkekani, tumbo limekaza. Aliuchukua mkate uliobaki akaumega. Mkate wa oti humomonyoka ukiumegwa, chembe zikajaa mapajani, lakini huu ulivutika kabla ya kukatika. Mama aliutazama, akamtazama wifi yake.

"Umetia nini?"

"Vikombe viwili vya unga wa chapati," Senje alisema bila kuangusha macho. "Nilitaka mwone wenyewe. Anajua kujifanya, huyu."

"Anajifanya hivi?"

"Basi ana pepo. Mpelekeni akaombewe."

Baba alisema, "Ni dada yangu. Hakukusudia ubaya." Mama aliichukua ile sufuria, akaisugua kwa majivu hadi vidole vikachubuka, akaifungia kwenye sanduku lake la nguo na ufunguo akauvaa shingoni. Januari ilifika nikiwa bado kitandani. Wenzangu walipanda darasa, nami nikapoteza mwaka mzima, na sare mama akaikunjua pindo mwaka uliofuata.

Juzi tulimwoza mdogo wangu. Senje, mzee sasa, alipewa kiti cha mbele, akawaelezea wakwe zetu jinsi alivyoniokoa nikiwa mdogo kwa kunipikia mkate wa oti. Nikamwambia mbele yao, "Senje, ulitia ngano." Alicheka. "Na si uko hapa?" Wote wakacheka.

Ndiyo, niko. Nina oveni ya umeme, na madukani kuna pakiti zilizoandikwa kwamba ndani hamna ngano, jambo ambalo mama angelilia kuliona zamani. Kupika kumekuwa rahisi. Kula ndiko kumenishinda. Nikialikwa huuliza mwiko umeshika nini, sufuria imepika nini, nani alikuwa jikoni, na wenyeji huniona nina maringo. Kwa mama tu nilikuwa nikila bila kuuliza.

Jumapili iliyopita alinikatia kipande cha mkate wake. Macho yake yameanza kufifia, na nilikuwa nimemwona akiisogeza pakiti ya unga karibu na pua ili aisome. Mkono wangu ulisimama juu ya sahani.

"Mama, umetia unga gani?"

Akainua uso. "Hata mimi?" akaniuliza.

Nilimkumbuka Senje, nikamlaani papo hapo, mezani kwa mama yangu.