Mahindi ya Kunguru

Kunguru walikuwa wameng'oa mistari miwili ya mahindi machanga ya Raudha, wakala punje na kuacha majani yamelala juani. Mifuko myeusi aliyoitundika kuwatisha waliizoea siku ile ile. Ndipo, mtoto akiwa mgongoni, aliporoweka mahindi kwenye dawa ya wadudu na kuyatawanya pembezoni mwa kishamba chake cha bondeni, kule Kiwalani. Hakumwambia mtu.

Kunguru hata mmoja hakufa. Waliokula ni kuku wa Bi Zuena, jirani aliyemkanda maji ya moto alipojifungua.

Jioni Bi Zuena aliingia uani na bakuli lililofunikwa kawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kideri kimenimalizia kuku watatu! Huyu nimemuwahi kwa kisu kabla hajawa kibudu. Kunywa supu upate maziwa. Ya wajukuu nimeiacha jikoni inapoa."

Raudha akajua kuku hao wamekula mahindi yake. Supu yake angeweza kuimwaga kimya kimya, lakini ile ya jikoni je?

"Bibi, wasile! Si kideri. Mie niliwategea kunguru sumu."

Bi Zuena alimtazama, akamtazama na mtoto. "Na mie nimekuletea wewe kwanza," alisema, kisha akatoka mbio, kanga ikimdondoka. Raudha akamfuata.

Walikuta sufuria halijaguswa. Bi Zuena alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaifukia supu yote. Raudha alipoomba jembe amsaidie, hakumpa.