Kibuyu Alichokisugua Mama Nekesa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia kwenye mashamba ya wazungu mtanielewa, nyumba ya mtu uliijua kwa pua. Yetu ilinuka moshi na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Ya jirani yetu Mama Nekesa ilinuka mboga ya mrenda na ugali wa wimbi.

Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja upande wa Turbo, mbali kidogo na mji tuliouita Sisibo. Sisi Wanandi tulikuwa na ng'ombe wachache kwa ruhusa ya mzungu. Mama Nekesa alikuwa amemfuata mumewe kutoka kwao Kimilili kuja kuvuna mahindi. Mama yangu hakuwa na dada wala mama karibu, naye vivyo hivyo, basi wakawa ndugu. Mimi na binti yake Nekesa tulikula kwa yeyote aliyetangulia kuipua. Wajukuu wangu leo wanaagiza chakula kwa simu, na bado wananuna kikichelewa!

Mama alipojifungua ndugu yangu mdogo, hali yake ikawa dhaifu, akabaki kitandani. Mama Nekesa ndiye aliyetupikia, akafua, akafagia. Siku moja akakuta kibuyu cha maziwa kikiwa kitupu, ndani cheusi tititi. Akatuonea huruma. Akakitia maji moto, mchanga na sabuni, akakisugua na kukitikisa mpaka jasho likamtoka, kisha akakileta kitandani akitabasamu.

"Mama Chebet, nimekuoshea hii kibuyu. Ilikuwa imeshika masizi mbaya sana."

Mama alikinusa, machozi yakamlengalenga. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mkaa wa mti wa senetwet, ambao kwetu hupakwa ndani ya kibuyu ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate utamu wake. Na kibuyu chenyewe alipewa na nyanya yangu siku alipoolewa. Nyanya alikuwa amekwisha kufa. Sasa kilinuka sabuni.

"Enda tu," mama alisema, akageukia ukuta.

Mama Nekesa alikwenda bila kujua kosa lake, na mama hakumwambia. Kukawa kimya kati ya milango miwili. Mrenda haukuja tena kwetu, maziwa hayakwenda kwao. Nekesa na mimi tulitazamana kwa mbali wakati wa kuchota maji. Niliumia, jamani. Viboko vyote vya mwalimu wetu havikuwahi kuniuma hivyo.

Mama alipopata nguvu, alichukua bakuli la Mama Nekesa lililosalia kwetu. "Bakuli ya mtu hairudi kwa mkono wa mtoto," alisema, akanishika mkono tukaenda. Tulimkuta jikoni akimimina maji juu ya majivu kwenye mkebe uliotobolewa, na yale maji ya kahawia yakidondokea kwenye chungu cha mrenda. Mama alisimama mlangoni kama aliyepigwa na butwaa.

"Unaweka majivu kwa chakula?"

"Ni munyu, Mama Chebet. Bila hii mrenda hailainiki. Ni mama yangu alinifunza."

 Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini. "Kumbe wewe unakula majivu na mimi nakunywa makaa!" Ndipo akamweleza habari ya kibuyu. Mama Nekesa alishika kichwa, akalia, wakakumbatiana, na mrenda ukaungua kidogo. Tuliula hivyo hivyo.

Kesho yake walikwenda pamoja kukata senetwet. Mama alimwonyesha jinsi ya kuchoma kijiti na kukisaga ndani ya kibuyu. Maziwa ya kwanza bado yalikuwa na sabuni. Baba aliyanywa yote.

Mama hakujaliwa kuniona nikiolewa. Siku yangu ilipofika, kibuyu nilikabidhiwa na Mama Nekesa, amekipaka mkaa kwa mkono wake. Nilikinusa, nikamsikia mama yangu, nikalia mbele ya wageni.

Leo naishi mtaa wa Kapsoya, pale Sisibo, ndani ya ukuta na geti. Jioni nasikia harufu ya jirani akikaanga vitunguu, na sijui jina lake. Kibuyu kiko juu ya kabati. Mjukuu wangu alichungulia ndani juzi akasema, "Gogo, hii kitu iko chafu!" Nilicheka, kisha moyo ukasononeka. Miaka yote niliyokaa hapa, hakuna jirani aliyewahi kukiharibu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukishika.